Mguu Hunyoshwa kwa Wiki Chache, Hulindwa kwa Miaka Minne



Lugha yetu haina uchache wa maneno ya kumtaja mtu ambaye mguu wake haukunyooka. Tuna kiwete, tuna kiguru, tuna kigosho, na kila mtaa una lakabu zake ambazo sizo za kuandikwa katika jarida linalosomwa na watoto. Tulilo nalo kwa uchache ni jina la hali yenyewe. Katika hospitali za Afrika Mashariki siku hizi hutumika jina la mguu kifundo, na wengine husema nyayo za kupinda. Jina la kwanza lina kasoro yake, maana mzazi akilisikia kwa haraka hudhani anaambiwa habari ya kifundo cha mguu kilichoteguka. Hata hivyo ndilo lililoenea, nami nitalitumia.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu watoto wa namna hii huzaliwa katika familia zetu hapa Uingereza kama wanavyozaliwa kila mahali, na katika mabaraza yetu nimesikia mengi yakisemwa juu yao: mengine ya huruma, mengine ya kuogofya, na machache tu yaliyo sahihi. Na ukweli wenyewe unatia moyo sana. Mguu huu hunyoshwa. Hunyoshwa bila ya operesheni kubwa, kwa muda wa wiki chache, na mtoto akaja kutembea, kukimbia na kucheza mpira kama wenziwe. Lakini lipo sharti moja, na sharti hilo halimo mikononi mwa daktari. Limo chumbani anamolala mtoto, kila usiku, kwa muda wa miaka minne. Hapo ndipo familia nyingi zinapoteleza, na aghalabu kinachozitelezesha si uvivu bali ni mapenzi.

Kwanza tuuelewe mguu wenyewe. Mtoto mwenye mguu kifundo huzaliwa na wayo ulioelekea ndani na chini. Ukimtazama vizuri utaona kwamba sehemu ya mbele ya wayo imegeukia upande wa mguu wa pili. Upinde wa wayo umeingia mno, pengine kwa mkunjo mzito wa ngozi. Kisigino kimelalia ndani. Na wayo mzima umening'inia chini kwa sababu kano ya nyuma ya kisigino, yaani ule mshipa mgumu unaoshuka kutoka kwenye shavu la mguu, ni fupi na imekaza kama ugwe wa upinde. Hakuna mfupa uliovunjika wala kiungo kilichoteguka. Mifupa midogo ya wayo imekaa upande tu, imefungwa hapo na kano zilizokaza. Na kwa kuwa kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu laini, inakubali kurudishwa mahali pake kidogo kidogo. Kadiri siku zinavyopita ndivyo ulaini huo unavyopungua.

Hali hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, na katika baadhi ya mataifa huzidi hapo. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na nusu ya watoto hao huwa nayo miguuni kote kuwili. Wengi wao hawana tatizo jingine lolote mwilini. Wachache huzaliwa nayo pamoja na maradhi mengine, kama vile ya uti wa mgongo au ya viungo vilivyokakamaa, na hao huhitaji uangalizi wa ziada. Ndiyo maana daktari atamchunguza mtoto mwili mzima, pamoja na nyonga zake, hata kama ninyi mmekuja na habari ya wayo peke yake.

Isichanganywe na matege. Matege ni kupinda kwa miguu kuanzia magotini, na huonekana zaidi mtoto anapoanza kusimama. Wala isichanganywe na wayo uliolalia vibaya tumboni kwa ajili ya ufinyu wa nafasi. Wayo wa aina hiyo mkunga huushika kwa vidole viwili ukanyooka papo hapo bila ya ukinzani, na kwa kawaida hujirudi wenyewe. Mguu kifundo hauvutiki hivyo. Ukiuvuta kwa nguvu utamwumiza mtoto na hutapata kitu.

Je, husababishwa na nini? Sababu kamili haijafahamika. Kuna urithi ndani yake: mzazi mmoja akiwa alizaliwa na hali hii, uwezekano wa mtoto wake kuipata ni kiasi cha 3 au 4 katika 100, kiwango kilicho juu kuliko cha watu wengine lakini bado ni kidogo. Uvutaji wa sigara wakati wa mimba nao umeonekana kuongeza uwezekano huo. Zaidi ya hapo, wengi wa watoto hawa hawana jamaa yeyote aliyekuwa na mguu kama huo, na mama zao hawakufanya lolote wasilofanya mama wengine.

Nimelisema hili la mwisho kwa makusudi. Katika jamii yetu swali la kwanza huwa ni "Alifanya nini?", na anayeulizwa ni mama. Huulizwa kama alikata kitu kwa kisu siku ya kupatwa kwa mwezi, kama alimcheka mlemavu, kama alipita mahali pasipopitwa magharibi. Baba haulizwi kitu. Mwanamke ambaye ana siku tatu tangu kujifungua huketi kitandani akiipekua miezi tisa kutafuta kosa ambalo halipo. Wazee wetu waliposema hujafa hujaumbika walitaka kutuzuia tusicheke wenye dosari za mwili. Hawakutupa ruhusa ya kumfanyia mzazi hukumu.

Hapa Uingereza baadhi ya wazazi huipata habari mapema, katika picha ya mimba inayopigwa karibu na wiki ya 20. Kwao miezi iliyobaki huwa mirefu. Ni vyema wajue kwamba hakuna kinachohitajika kufanywa mtoto akiwa tumboni, na kwamba picha haiwezi kuonyesha kwa uhakika mguu umepinda kiasi gani. Pengine mtoto huzaliwa na wayo uliolalia tu. Wanachoweza kufanya ni kuomba kuonana na kliniki ya miguu ya watoto kabla ya kujifungua, wakaelezwa mapema yatakayokuja. Na mwenye kupata taabu na Kiingereza asione haya kuomba mkalimani. Hospitali ndiyo inayomlipa. Mtoto wa shule, hata awe hodari vipi wa lugha, asifanywe mkalimani wa habari za mdogo wake.

Sasa tuje kwenye tiba. Tangu zama za Hipokrati wa Uyunani, kiasi cha miaka 2,400 iliyopita, waganga wamejaribu kuunyosha mguu huu kwa mkono na kuufunga vitambaa. Karne ya 20 ilipoendelea na operesheni zikawa salama zaidi, madaktari wengi waliona kisu ndiyo njia ya mkato. Walikata kano na vifuko vya viungo, wakaipanga mifupa, wakaishona. Siku mtoto alipotoka hospitali mguu ulionekana mzuri. Lakini ndani ya wayo mlibaki makovu, na watoto hao walipofikia utu uzima wengi wao walikuwa na nyayo ngumu zisizokunjika na zenye maumivu. Msomaji wa jarida hili atafahamu mara moja maana ya wayo usiokunjika. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchuchumaa, na akiketi tahiyatu huketi kwa shida au huomba kiti.

Aliyeonyesha njia nyingine alikuwa mhamiaji kama sisi. Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania. Aliwatibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, na upande wake uliposhindwa akakimbilia Ufaransa, kisha Meksiko, na mwaka 1941 akafika katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliokuwa wamefanyiwa operesheni utotoni, akaona zile nyayo ngumu. Basi akarudi kwenye kuisoma anatomia: mifupa hii inazungukaje, na ipi ifuate ipi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa na njia yake, na mwaka 1963 alichapisha matokeo. Wenzake hawakumjali. Mwaka 1995 madaktari wa Iowa waliwachunguza watu 45 aliokuwa amewatibu kiasi cha miaka 30 nyuma, wenye nyayo 71 kwa jumla, wakakuta asilimia 78 wana matokeo mazuri au mazuri sana. Watu wa umri ule waliozaliwa na miguu ya kawaida walipopimwa kwa kipimo kile kile, walipata asilimia 85. Tofauti, kama mnavyoona, ni ndogo.

Hata hapo walioieneza njia hii hawakuwa madaktari peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi walianza kupashana habari kwa njia ya intaneti, wakawapeleka watoto wao Iowa kutoka mbali, kisha wakarudi kwa madaktari wao kudai nao wajifunze. Ponseti alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 95, na aliendelea kuwaona watoto hadi uzeeni. Leo njia yake ndiyo ya kwanza kutumika hapa Uingereza na katika nchi nyingi sana duniani. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 3 Juni, imefanywa siku ya kimataifa ya mguu kifundo.

Njia yenyewe ni hii. Mara moja kwa wiki mtaalamu humshika mtoto wayo kwa dakika chache, akaunyosha taratibu kadiri unavyokubali siku hiyo na si zaidi, kisha akaufunga plasta ngumu ya jasi, ile ambayo wengine kwetu huiita hogo, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Wiki inayofuata plasta huvunjwa, wayo ukasogezwa tena kidogo, ukafungwa plasta mpya. Siri iko katika mpango. Huanzwa na upinde wa wayo, na sehemu ya mbele ndiyo inayoinuliwa kwanza, hata mzazi akadhani wanazidi kuupotosha. Kisha wayo huzungushwa kwenda nje, huku dole gumba la mtaalamu likiegemea mfupa mmoja tu, unaoitwa talasi, ambao ndio mhimili wa mzunguko mzima. Kisigino hakiguswi; hujifuata chenyewe. Kwa kawaida plasta tano hadi saba zinatosha.

Mwishoni mwa plasta hizo wayo umeshageuka nje, lakini kwa watoto wengi bado umeelekea chini, kwa sababu kano ya kisigino haijakubali kurefuka. Hapo daktari hutia dawa ya ganzi na kuikata kano hiyo kwa kisu chembamba, kupitia tundu dogo ambalo mara nyingi halihitaji hata kushonwa. Ni kazi ya dakika chache. Maneno "kukata mshipa" yamewatia hofu wazazi wengi, na nimesikia habari ya baba aliyemchukua mwanawe akarudi naye nyumbani aliposikia. Basi ijulikane kwamba kano ya mtoto mchanga huota tena. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, na ikiondolewa kano imeshaunga, ndefu kuliko ilivyokuwa.

Tiba hii yafaa ianze katika wiki za mwanzo za uhai wa mtoto. Hapo hukutana na ada yetu ya arubaini. Mama na mtoto hukaa ndani siku 40, mtoto hukandwa kwa mafuta, huogeshwa kwa maji ya moto, wageni huja, na haitakiwi mtoto kutolewa nje upepo ukampata. Mimi ni mtu wa ada zetu. Nimelelewa nazo na sipendi kuziona zikipotea ugenini. Lakini arubaini iliwekwa kwa ajili ya kumlinda mzazi na mtoto, na hapa ulinzi wa mtoto uko kliniki. Si msiba mkubwa tiba ikichelewa wiki mbili tatu kwa sababu ya afya ya mama au ya mtoto. Msiba ni pale bibi anaposema "ngojeni arubaini ipite", kisha ikipita pakasemwa "ngojeni akue kidogo", mwisho mtoto akasimama kwa ubavu wa wayo. Mama akiwa dhaifu, baba, shangazi au khalati ampeleke mtoto, amfunike vizuri, amrudishe.

Kukanda nako kuna mahali pake. Kumpaka mtoto mafuta na kumkanda kwa upole kunamstarehesha. Lakini mguu kifundo haunyooki kwa kukandwa, hata mkandaji awe na mkono mwepesi wa kusifiwa mji mzima. Na mguu ukishafungwa plasta haukandwi kabisa. Du'a haina ugomvi na plasta. Dini yetu imetuamrisha kutafuta dawa, na sijapata kumsikia mwanachuoni anayemheshimu msomaji wake akisema vinginevyo.

Katika wiki za plasta mtoto haogeshwi kwenye beseni. Hufutwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na nepi hubadilishwa upesi ili ncha ya juu ya plasta isilowe. Tazameni vidole mara kadhaa kwa siku. Viwe na joto, na ukivibinya kidogo viwe vyeupe kisha rangi irudi upesi. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikivimba, au vikianza kuzama ndani ya plasta kana kwamba inateremka, pigeni simu kliniki siku ile ile, msisubiri miadi. Kwa mtoto wa kiume, mwenye nia ya kumtahiri mapema aizungumze na kliniki kabla hajapanga siku, kwani plasta hufika hadi kwenye kinena na kidonda kipya hapo kitaleta matatizo ambayo yangeweza kuepukwa kwa kubadilisha tarehe tu.

Plasta ya mwisho ikiondolewa, familia hufurahi, na ni haki yao. Wayo umenyooka. Na hapo ndipo kazi inapohamia nyumbani.

Siku hiyo hiyo mtoto huvishwa jozi ya viatu iliyounganishwa kwa kipande cha chuma chenye urefu wa upana wa mabega yake. Kiatu cha mguu uliotibiwa kimeelekezwa nje kwa nyuzi 60 hadi 70, na kama mguu wa pili ni mzima, chake kimeelekezwa nje kwa nyuzi 30 hadi 40. Kwa miezi mitatu ya kwanza mtoto huvivaa saa 23 kwa siku, na saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kucheza. Baada ya hapo huvivaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, kiasi cha saa 12 hadi 14, mpaka afike umri wa miaka minne, na kliniki nyingine husema mitano. Mchana huwa huru. Hutambaa, husimama na hutembea kwa viatu vya dukani kama watoto wengine.

Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu kile kilichoupinda mguu tumboni hakikuondoka siku uliponyooka. Kinaendelea kuuvuta katika miaka ya mwanzo ya kukua, na viatu ndivyo vinavyokizuia. Wataalamu wote wamekubaliana juu ya hili: sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda ni kuacha viatu kabla ya wakati. Wala haurudi kwa siku moja. Kwanza kisigino hakifiki chini vizuri. Kisha mtoto akitembea wayo huelekea ndani. Kisha viatu vyenyewe vinakuwa vigumu kuvaa, na mama husema "havimtoshi tena", kumbe ni wayo unaokataa.

Na ni nani anayeviondoa? Nimeuliza, na majibu yanafanana. Mtoto hulia usiku wa kwanza na wa pili, na hilo ni kweli, kwani amezoea kurusha mguu mmoja mmoja na sasa yote miwili imefungwa pamoja. Jirani anauliza kuna nini. Bibi aliyekuja kutoka nyumbani kumsaidia mwanawe kulea anaingia chumbani, anamwona mjukuu wake amefungwa chuma, na moyo unamkatika. "Mmemtia mwana pingu!" Anavifungua. Mtoto analala. Asubuhi kila mtu anaona bibi alikuwa na haki. Usiku wa pili vinafunguliwa mapema zaidi, na baada ya mwezi viko juu ya kabati.

Siwalaumu mabibi, mimi mwenyewe ni wa rika lao. Lakini huruma ya usiku mmoja mwenye kuilipa ni mtoto. Kwa hiyo yafaa bibi apelekwe kliniki pamoja na mtoto, tangu plasta ya kwanza ikiwezekana, aone wayo ulivyokuwa na ulivyo, na mtaalamu amweleze yeye kwa mdomo wake. Nimeona ajuza aliyekuwa mpinzani mkubwa akageuka kuwa mlinzi wa viatu, hata wazazi wakiwa na usingizi yeye ndiye anayeuliza: "Mmemvisha?"

Yapo mambo madogo yanayosaidia, nami nimeyapata kwa akina mama wenye uzoefu na kwa wataalamu. Mshike mtoto kwa kile chuma na umkunje na kumkunjua magoti yote mawili kwa pamoja kama mchezo. Akishajua kurusha miguu yote miwili, kilio hupungua. Mvishe soksi za pamba zisizo na mikunjo. Hakikisha kisigino kimeshuka mpaka chini ndani ya kiatu kabla ya kufunga mkanda, maana malengelenge karibu yote hutokana na kisigino kinachopanda na kushuka. Basi dawa yake ni kukaza mkanda, si kuulegeza. Ngozi ikiwa nyekundu kidogo usiipake mafuta, kwani huilainisha ikazidi kuchubuka. Lengelenge likitokea piga simu kliniki, usiviweke viatu pembeni kwa uamuzi wako. Kizungushie chuma sifongo na kitambaa. Kitaokoa kitanda, ukuta, na pua ya baba. La muhimu kuliko yote ni kwamba pasiwe na usiku wa kujadiliana. Mtoto ambaye huvishwa kila usiku baada ya kuoga huona ni sehemu ya kulala, kama wengine waonavyo nguo za usiku. Anayevishwa leo na kusamehewa kesho hulia kila siku, kwa sababu anajua kilio hufaa.

Safari za kwenda nyumbani zahitaji neno lake. Likizo ya kiangazi ni wiki sita, kuna harusi, nyumba imejaa watu, joto ni kali, na kila mgeni ana maoni yake juu ya chuma. Viatu hivyo visiwekwe katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Likipotea, mtoto atakaa siku nyingi bila ya viatu katika mji ambao huenda havipatikani saizi yake. Vibebeni mkononi, pamoja na barua fupi ya kliniki kwa ajili ya watu wa ukaguzi. Na kabla ya kuondoka pimeni: mtoto hukua, na viatu vilivyomtosha mwezi wa tano huenda vikambana mwezi wa nane.

Msifikiri, hata hivyo, kwamba nyumbani hakuna wajuzi. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za Afrika kuifanya njia ya Ponseti kuwa mpango wa nchi nzima, na kazi kubwa ya kufunga plasta ilikabidhiwa matabibu wasaidizi waliofundishwa vizuri badala ya kungoja madaktari bingwa wachache. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo ni Daktari Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda anayeishi Kanada. Kipimo chake cha alama sita za mguu, kuanzia 0 kwa uliopona hadi 6 kwa uliopinda kabisa, ndicho ambacho huenda mmekiona kimeandikwa katika kadi ya mwanenu hapa Uingereza. Katika karakana ya Katalemwa, Kampala, fundi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya chuma vinavyoweza kushonwa na fundi viatu wa kawaida kwa ngozi, mbao na nondo, na vimeigwa katika nchi nyingi. Kenya ina hospitali ya CURE pale Kijabe, na Dar es Salaam kuna CCBRT. Zote mbili hutibu watoto hawa.

Ninazitaja kwa sababu nyingine pia. Wengi wetu tuna mpwa au mtoto wa jirani huko nyumbani aliyekwisha kuwa mkubwa na hakutibiwa. Nilipokuwa nikisomesha nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Alikanyaga kwa ubavu wa nyayo, ngozi ya hapo imekuwa ngumu kama kwato, na alifika darasani kabla ya wenziwe wote ili asionekane akitembea. Hesabu zake zilikuwa safi. Aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya umbali wa njia, na wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwelekeza pa kwenda.

Leo yupo. Plasta zimewanyosha hata watoto waliokwisha kuanza kutembea, na wengine wenye umri wa miaka kadhaa, ingawa kwao plasta huwa nyingi zaidi, na pengine huongezwa operesheni ndogo ya kuhamisha kano moja ya mbele ya mguu ili iuvute wayo upande ulio sawa. Operesheni hiyo hiyo hutumiwa hapa kwa watoto ambao mguu ulirudi baada ya viatu kuachwa. Mguu uliotibiwa utabaki mdogo kidogo kuliko mwenziwe, na shavu lake litakuwa jembamba. Hilo halibadiliki, na mtoto aambiwe mapema ili asije akadhani ameharibikiwa. Kristi Yamaguchi wa Marekani alizaliwa na mguu kifundo, akafungwa plasta utotoni, na mwaka 1992 akachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Mia Hamm, naye wa Marekani, alizaliwa vivyo hivyo, akawa mmoja wa wacheza soka mashuhuri wa wanawake duniani.

Basi mwenye kusafiri mwaka huu na anamjua mtoto wa namna hiyo kijijini kwao, ampige picha nyayo zote mbili, kwa mbele na kwa nyuma, kwa idhini ya wazazi wake, aandike umri wake, na aipeleke picha hiyo katika kliniki iliyo karibu kabla ya kumsafirisha mtoto. Aulize pia siku za kliniki ya miguu, kwani pengi huwa ni siku moja tu kwa wiki, na kama nauli na viatu vya chuma hulipiwa na mradi au na mzazi. Wazazi wengi wa vijijini hukwama kwa nauli ya kila wiki, si kwa bei ya plasta. Na hilo ni jambo ambalo jamaa mmoja aliye ughaibuni aweza kulibeba.